Ugumu wa kuwasha msumeno wa mnyororo

Ugumu wa kuwasha msumeno wa mnyororo ni hali ambayo injini ya petroli ya msumeno huo haiwaki kabisa, huwaka na kuzimika papo hapo, au huwaka baada tu ya kamba kuvutwa mara nyingi kuliko kawaida. Msumeno wa mnyororo, unaoitwa pia chenso katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, hutumika kuangusha miti, kukata matawi na magogo, na kupasua mbao mahali pasipo na kiwanda.

Sababu nyingi za hali hii ni ndogo na hazihitaji vipuri vya bei kubwa: plagi iliyolowa, mafuta yaliyokaa muda mrefu, chujio lililojaa vumbi la mbao au choki iliyotumiwa vibaya. Hata hivyo hitilafu ndogo ikitafutwa bila utaratibu inaweza kugeuka kuwa kubwa. Mtu anayegeuza skrubu za kabureta kabla ya kutazama plagi anaweza kuharibu pistoni na silinda, na mtu anayevuta kamba kwa hasira huku ameshika msumeno hewani anaweza kujikata. Kwa sababu hiyo mafundi hufuata mpangilio mmoja: huanza na yale yaliyo rahisi na yasiyo na gharama, kisha huendelea hatua kwa hatua hadi ndani ya injini.

## Mahitaji ya injini ili iwake

Misumeno mingi ya petroli ina injini ndogo ya mipigo miwili yenye silinda moja inayopozwa kwa hewa. Ili iwake, injini hiyo inahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja:

* Mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa kiasi kinachofaa. Kazi hii hufanywa na kabureta.
* Cheche yenye nguvu inayotokea wakati pistoni iko karibu na kilele cha mwendo wake. Cheche hutolewa na plagi.
* Mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, unaotegemea uzima wa pistoni, ringi na kuta za silinda.

Msumeno wa kawaida hauna betri ya kuwashia. Sumaku zilizowekwa kwenye flaiwili hupita karibu na koili kila injini inapozunguka, na mpito huo huzalisha umeme wa plagi. Matokeo yake ni kwamba nguvu ya cheche hutegemea kasi ya kuzunguka. Kamba ikivutwa taratibu au kwa vipande vifupi, flaiwili haifikii kasi inayotakiwa na cheche huwa dhaifu au haitokei, hata kama vifaa vyote ni vizima.

Kabureta ya msumeno nayo ni tofauti na ile ya pikipiki. Haina boya na bakuli la mafuta, bali hutumia diaframu, yaani utando mwembamba unaosukumwa na mabadiliko ya shinikizo ndani ya kasha la kranki. Mpangilio huu huruhusu msumeno kufanya kazi ukiwa umelazwa ubavu au umepinduliwa. Lakini utando huo hukakamaa kwa umri na kwa mafuta mabaya, na ukishakakamaa injini huanza kuwa ngumu kuwaka.

Katika injini ya mipigo miwili mchanganyiko wa mafuta hupitia kwanza kwenye kasha la kranki kabla ya kuingia silindani. Kwa hiyo uvujaji wa hewa chini ya injini, ambao katika injini ya mipigo minne usingeathiri sana uwashaji, hapa unaweza kuuzuia kabisa.

## Historia kwa ufupi

Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, akianza na msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1927 Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alijaribu msumeno wa petroli kwenye mlima Dolmar katika eneo la Thuringia, na kampuni yake ikachukua jina la mlima huo. Stihl alitoa msumeno wake wa petroli mwaka 1929. Mashine hizo za mwanzo zilikuwa nzito na zilibebwa na watu wawili.

Kuenea kwa kabureta ya diaframu katika miaka ya 1950 kuliondoa shida ya injini kuzimika msumeno unapogeuzwa. Vifaa vilivyofuata, kama vali ya kupunguza mgandamizo na cheche ya kielektroniki isiyotumia platini, vilirahisisha uwashaji. Baadhi ya misumeno ya karne ya 21 ina kabureta inayojirekebisha yenyewe, kama mfumo wa M-Tronic wa Stihl na AutoTune wa Husqvarna, na misumeno hiyo haina skrubu za kurekebisha mafuta kwa mkono.

## Utaratibu wa kawaida wa kuwasha

Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu msumeno mgumu kuwaka hutokana na utaratibu usiofuatwa. Mpangilio wa vitufe hutofautiana kati ya aina na aina, lakini kwa injini ya baridi hatua kwa kawaida ni hizi:

1. Msumeno huwekwa chini mahali tambarare, mnyororo ukiwa haugusi kitu, na breki ya mnyororo ikiwa imefungwa.
2. Swichi huwekwa mahali pa kuwasha.
3. Kama kuna kipira cha kuvutia mafuta, hubonyezwa mara kadhaa mpaka mafuta yaonekane ndani yake. Kama kuna vali ya kupunguza mgandamizo, nayo hubonyezwa.
4. Choki hufungwa.
5. Mkono wa kushoto hushika mpini wa mbele kwa nguvu, na ncha ya kiatu cha kulia huingizwa katika mpini wa nyuma ili kuubana chini.
6. Kamba huvutwa taratibu hadi ukinzani usikike, kisha huvutwa kwa haraka na kwa nguvu. Haivutwi hadi mwisho wake, wala haiachiliwi ijirudie yenyewe kwa kishindo.
7. Injini ikitoa mlio mfupi wa kwanza kama inataka kuwaka, choki hufunguliwa mara moja na kuwekwa kwenye nafasi ya nusu resi.
8. Kamba huvutwa tena mpaka injini iwake. Kibonyezo cha resi hubonyezwa kidogo na kuachwa ili injini irudi kwenye mwendo wa chini.

Hatua ya saba ndiyo inayokosewa zaidi. Mlio wa kwanza huwa mfupi na dhaifu, na mtumiaji aliyevaa kinga ya masikio au aliye karibu na mashine nyingine anaweza asiusikie. Akiendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, kila mvuto huongeza petroli silindani bila hewa ya kutosha, na baada ya muda mfupi plagi hulowa. Kwa aina nyingi za misumeno, mivuto mitatu hadi mitano yenye choki iliyofungwa inatosha. Kama mlio haujasikika baada ya hapo, ni afadhali kufungua choki na kujaribu kuliko kuendelea.

Injini iliyokuwa inafanya kazi na bado ina joto haihitaji choki.

## Sababu na marekebisho yake

### Injini kulowa mafuta

Dalili zake ni harufu kali ya petroli, plagi yenye unyevunyevu na wakati mwingine matone kwenye bomba la moshi. Marekebisho hufanywa hivi:

* Swichi huzimwa na waya wa plagi hutolewa.
* Uchafu unaozunguka plagi hufutwa kabla ya kuifungua ili vumbi la mbao lisiingie silindani.
* Plagi hutolewa, hukaushwa kwa kitambaa safi na kuachwa mpaka petroli iliyobaki iishe.
* Kamba huvutwa mara sita hadi kumi, swichi ikiwa imezimwa, ili mafuta ya ziada yatoke kupitia tundu la plagi. Tundu hilo lisielekezwe kwa mtu, kwani mafuta hutoka kwa kasi.
* Plagi hurudishwa, choki huachwa wazi, na injini huwashwa huku kibonyezo cha resi kikiwa kimebanwa hadi mwisho.

Injini iliyolowa hutoa moshi mwingi mweupe au wa bluu kwa sekunde chache baada ya kuwaka. Hilo ni jambo la kawaida.

### Mafuta yaliyochakaa au yasiyofaa

Petroli hupoteza sehemu zake nyepesi kwa mvuke, na sehemu hizo ndizo zinazowaka kirahisi injini ikiwa ya baridi. Watengenezaji wengi hushauri mchanganyiko wa petroli na oili usitumike baada ya siku 30. Mafuta yaliyoachwa ndani ya tangi kwa miezi kadhaa huacha utando wa kunata katika njia nyembamba za kabureta.

Oili huchanganywa na petroli kwa sababu injini hii haina hifadhi yake ya kulainishia. Uwiano unaotumika sana ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili bora ya injini za mipigo miwili. Kwa oili ya daraja la chini baadhi ya watengenezaji hutaka 25 kwa moja.

| Petroli | Oili kwa uwiano wa 50:1 | Oili kwa uwiano wa 25:1 |
|---|---|---|
| Lita 1 | mililita 20 | mililita 40 |
| Lita 5 | mililita 100 | mililita 200 |
| Lita 10 | mililita 200 | mililita 400 |
| Lita 20 | mililita 400 | mililita 800 |

Oili ikizidi, plagi hujaa masizi na injini huwaka kwa shida. Oili ikipungua, injini inaweza kuwaka vizuri sana mwanzoni, lakini pistoni hukwaruzwa na joto, mgandamizo hupotea na msumeno huhitaji silinda mpya. Kwa hiyo kupunguza oili ili msumeno "uwake haraka" ni hasara. Oili ya injini ya gari na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari hazifai kuchanganywa na petroli ya msumeno.

Petroli inayouzwa kwa chupa au kwenye madumu kando ya barabara mara nyingine huwa na maji au mafuta ya taa. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji. Njia rahisi ya kutambua maji ni kuweka petroli kidogo katika chupa safi inayoonyesha ndani na kuiacha itulie: maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujikusanya chini na mpaka wake huonekana. Mafuta ya taa hayatambuliki kwa njia hiyo.

Kosa jingine ni kuchanganya matangi. Msumeno una tangi la petroli na tangi la oili ya mnyororo, na vifuniko vyake hufanana. Oili ya mnyororo ikimiminwa katika tangi la petroli, injini haitawaka mpaka tangi, mpira wa mafuta na kabureta visafishwe.

### Plagi na mfumo wa cheche

Rangi ya plagi hueleza hali ya injini. Kahawia hafifu kama ya maziwa ya chai ni dalili ya uwiano mzuri. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta mengi au chujio la hewa lililoziba. Weusi wa mafutamafuta huonyesha oili nyingi. Weupe wa kuungua huonyesha mafuta kidogo, hewa inayovuja au plagi isiyo ya joto linalofaa.

Kwa misumeno mingi nafasi kati ya ncha za plagi ni milimita 0.5. Plagi yenye ncha zilizolika au kauri iliyopasuka hubadilishwa. Plagi ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo mafundi wengi hujaribu plagi mpya kabla ya kwenda mbele zaidi.

Kupima cheche hufanywa kwa kuunganisha plagi na waya wake, kugusisha mwili wa chuma wa plagi kwenye chuma cha silinda mbali na tundu la plagi, na kuvuta kamba swichi ikiwa imewashwa. Plagi hushikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira, na kazi hii haifanywi mahali palipomwagika petroli. Chombo maalumu cha kupimia cheche ni salama zaidi. Kuvuta kamba swichi ikiwa imewashwa na waya wa plagi ukining'inia bila kugusishwa kunaweza kuharibu koili.

Cheche ikikosekana hata kwa plagi mpya, hutazamwa haya:

* swichi na waya wake, ambao ukichubuka na kugusa chuma huzima injini kama vile swichi imezimwa;
* kofia ya mpira ya plagi na sehemu yake ya kugusa;
* nafasi kati ya koili na sumaku za flaiwili, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.2 na 0.4;
* kabari ndogo inayoshikilia flaiwili, ambayo ikikatika hufanya cheche itokee wakati usiofaa;
* koili yenyewe.

### Hewa na njia ya moshi

Vumbi la mbao likichanganyika na oili huganda kwenye chujio la hewa. Injini hupata mafuta mengi kuliko hewa, kana kwamba choki imefungwa muda wote. Chujio hutolewa na kugongwagongwa taratibu au kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kulingana na aina yake, kisha hukaushwa kabisa. Kabla ya kulitoa, choki hufungwa ili uchafu usidondoke ndani ya kabureta. Kuendesha msumeno bila chujio hata kwa muda mfupi huingiza vumbi silindani na kula ringi.

Ndani ya ekzosi ya misumeno mingi kuna wavu mdogo unaozuia cheche za moto zisitoke na kuunguza msitu. Wavu huu huzibwa na masizi. Injini iliyozibwa njia ya moshi huwaka kwa shida, hukosa nguvu na huzimika inapoongezwa resi. Wavu husafishwa kwa brashi ya waya na kurudishwa. Kuutoa moja kwa moja huongeza hatari ya moto, hasa wakati wa kiangazi.

### Njia ya mafuta na kabureta

Kama plagi inabaki kavu baada ya kamba kuvutwa mara nyingi choki ikiwa imefungwa, mafuta hayafiki silindani. Ukaguzi hufuata njia ya mafuta kuanzia kwenye tangi:

* Kichujio cha mafuta kilichomo ndani ya tangi huvutwa nje kwa waya uliopindwa ncha. Kikiwa cheusi au kigumu hubadilishwa.
* Mpira wa mafuta hukaguliwa kama umepasuka, umelainika au umechomoka. Mpira uliopasuka hunyonya hewa badala ya mafuta.
* Tundu la hewa la tangi likiziba, mafuta yanayotoka hayapati hewa ya kuchukua nafasi yake. Dalili yake ni msumeno kuwaka, kufanya kazi dakika chache, kisha kuzimika na kukataa kuwaka mpaka kifuniko cha tangi kilegezwe.
* Wavu mdogo wa kabureta na diaframu husafishwa au kubadilishwa. Diaframu nzima ni laini. Iliyokakamaa hutoa sauti kama ya karatasi inapobonyezwa.

Skrubu za kabureta huachwa hadi mwisho. Msumeno uliofanya kazi vizuri wiki iliyopita kwa kawaida haujapoteza marekebisho ya skrubu zake. Kilichobadilika ni mafuta, plagi, chujio au mpira. Skrubu yenye herufi L hurekebisha mafuta ya mwendo wa chini na huathiri uwashaji. Ile yenye herufi H hurekebisha mafuta ya mwendo wa juu. Kufunga H kupita kiasi hupunguza mafuta pamoja na oili iliyomo ndani yake, na injini inaweza kukwama kwa joto. Marekebisho hufanywa kwa kufuata kitabu cha msumeno husika, na idadi ya mizunguko ya awali huandikwa ili iwezekane kurudi ilipokuwa.

### Mgandamizo hafifu

Kamba ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, mgandamizo umepungua. Fundi asiye na kipimo hufanya jaribio la kuning'iniza: swichi ikiwa imezimwa na vali ya kupunguza mgandamizo haijabonyezwa, msumeno huinuliwa kidogo juu ya ardhi kwa mpini wa kamba. Msumeno mzima hushuka kwa vituo, kidogo kidogo. Msumeno uliochoka huteremka moja kwa moja. Kwa kipimo cha shinikizo, injini nyingi nzima huonyesha zaidi ya psi 120, yaani zaidi ya baa 8.

Kabla ya kuhukumu silinda ni vizuri kuhakikisha kwamba plagi imekazwa. Baadaye ekzosi hufunguliwa na pistoni hutazamwa kupitia tundu la moshi. Mikwaruzo ya wima kwenye pistoni ni alama ya kukosa oili au ya joto kupita kiasi. Hapo kubadilisha plagi na kusafisha kabureta hakusaidii tena. Kinachohitajika ni pistoni na ringi, na mara nyingi silinda pia. Kisha chanzo hutafutwa kabla ya kufunga vipuri vipya, maana kama ni hewa inayovuja kwenye sili za kranki au mchanganyiko mbaya wa mafuta, vipuri vipya vitaharibika vilevile.

### Stata

Wakati mwingine tatizo liko kwenye stata: kamba imekatika, springi ya kurudisha imelegea au meno ya kushika flaiwili yamelika. Dalili ni kamba kuvutika bila injini kuzunguka, au kutorudi ndani. Springi hiyo imekunjwa kwa nguvu na inaweza kuruka ghafla inapofunguliwa, hivyo miwani ya kinga inahitajika.

## Mpangilio wa kutafuta hitilafu

Jedwali lifuatalo linaonyesha sababu za kuanzia kulingana na dalili.

| Dalili | Sababu ya kutazamwa kwanza | Inayofuata |
|---|---|---|
| Hakuna mlio wowote, plagi imelowa | Choki kutumiwa kupita kiasi | Cheche, chujio la hewa |
| Hakuna mlio wowote, plagi ni kavu | Tangi tupu, kichujio cha mafuta | Mpira wa mafuta, diaframu |
| Mlio wa kwanza, kisha kimya | Choki haikufunguliwa | Mafuta ya zamani |
| Huwaka na kuzimika resi ikiongezwa | Chujio la hewa, wavu wa ekzosi | Kabureta |
| Huzimika baada ya dakika kadhaa | Tundu la hewa la tangi | Koili inayokufa kwa joto |
| Kamba ni nyepesi mno | Plagi iliyolegea | Pistoni na ringi |
| Kamba haivutiki kabisa | Stata kukwama | Silinda kujaa mafuta, pistoni kukwama |

## Injini ya moto isiyowaka tena

Baadhi ya misumeno huwaka vizuri asubuhi lakini hukataa baada ya kuzimwa kwa ajili ya kujaza mafuta. Katika jua kali mafuta yaliyomo ndani ya kabureta yanaweza kugeuka mvuke, na suluhisho ni kuacha msumeno upoe kivulini kwa dakika kadhaa kisha kuwasha bila choki. Kama hali inarudi kila mara, hupimwa cheche wakati injini bado ina joto. Koili iliyoanza kuharibika hutoa cheche ikiwa baridi, huacha ikipata joto, na hurudi ikipoa. Kupima asubuhi pekee hakuwezi kuonyesha hitilafu hiyo.

## Athari ya mwinuko

Hewa hupungua uzito kadiri mahali panavyoinuka kutoka usawa wa bahari. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam, pwani, ukipelekwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata hewa nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano, huku kabureta ikiendelea kutoa mafuta kwa kipimo cha pwani. Mchanganyiko huwa na mafuta mengi, plagi hupata masizi na injini huwaka kwa shida, hasa asubuhi za baridi. Marekebisho madogo ya skrubu yanahitajika, na yanapaswa kurudishwa msumeno unaposhushwa tena pwani. Ukiachwa na kipimo cha milimani, injini hukosa mafuta na oili ya kutosha na inaweza kukwama.

## Usalama

Majeraha mengi yanaweza kutokea wakati wa kuwasha, kabla hata ya kukata mti. Tahadhari kuu ni hizi:

* Msumeno hauwashwi kwa kuutupa, yaani kuushika hewani kwa mkono mmoja na kuusukuma chini huku mkono mwingine ukivuta kamba. Injini inayowaka katika nusu resi huzungusha mnyororo kama breki haijafungwa.
* Kujaza mafuta hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa, na msumeno husogezwa angalau mita 3 kutoka mahali ulipojazwa kabla ya kuwashwa.
* Waya wa plagi hutolewa kabla ya kugusa mnyororo au kufungua sehemu yoyote.
* Petroli haimiminwi kwenye tundu la plagi wala kwenye kabureta ili "kuamsha" injini, kwani moto unaweza kurudi nje.
* Msumeno haujaribiwi ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu.
* Mtu aliyechoka kwa kuvuta kamba hupumzika kwanza. Uchovu hupunguza uwezo wa kudhibiti msumeno utakapowaka.

## Kinga

Msumeno utakaokaa zaidi ya mwezi mmoja bila kazi humwagwa mafuta yote, kisha huwashwa hadi ujizime wenyewe ili kabureta ibaki tupu. Chujio la hewa husafishwa kila siku ya kazi, plagi hutazamwa mara kwa mara, na kichujio cha mafuta hubadilishwa kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Mchanganyiko hutengenezwa kwa kiasi kitakachokwisha katika siku chache, katika chombo safi chenye alama, na hutikiswa kabla ya kumiminwa. Kipimo cha oili hufanywa kwa chombo chenye mililita, si kwa kizibo cha soda wala kwa macho.

Kwa mpasuaji anayelipwa kwa idadi ya mbao, asubuhi moja ya msumeno usiowaka ni kipato kilichopotea. Plagi moja ya akiba, spana yake, kichujio cha mafuta na kamba ya ziada, vikibebwa pamoja na msumeno, hutosha kutatua sehemu kubwa ya hitilafu zilizotajwa hapo juu bila kurudi mjini.

## Tazama pia

* Msumeno
* Injini ya mwako ndani
* Kabureta
* Petroli
* Misitu